Kabla ya Kufuata Ushauri, Uliza Umetoka Wapi



Leo siandiki juu ya nafasi ya kupandia wala kipimo cha mbolea. Nataka tuzungumzie kitu kinachotangulia hayo yote, nacho ni ushauri wenyewe. Ukiambiwa "msimu huu pandeni zao hili", au "tumieni dawa hii", au "undeni kikundi mpate mafunzo", maneno hayo hayakuanzia mdomoni mwa bwana shamba wenu. Yametoka mbali. Mengine yametoka wizarani, mengine kwa mfadhili wa nje, mengine kwa kampuni inayouza pembejeo, na mengine yamesababishwa na mvua kutonyesha katika nchi ambayo hujawahi kuifikiria.

Maoni yangu ni haya: ushauri si mbaya kwa sababu umetoka nje, wala si mzuri kwa sababu umeletwa na mtaalamu. Lakini mkulima anayeupokea bila kujua ulikotoka anauziwa mbuzi kwenye gunia. Na kijiji kisichokuwa na mpango wake chenyewe kitaendeshwa na mipango ya wengine kila msimu.

Nasema haya nikiwa afisa ugani wa serikali, niliyesomea stashahada ya kilimo na kufanya kazi hii kwa miaka kadhaa. Mimi ni mmoja wa wanaokuletea huo ushauri. Tena kuna jambo moja tuliseme wazi: zao likikataa, mshahara wangu unaingia kama kawaida. Anayelala njaa ni wewe.

Ushauri unavyosafiri hadi kwako

Kwa kifupi, maarifa ya kilimo hapa Tanzania yanapita mikono mingi. Watafiti wa TARI wanazalisha mbegu na kufanya majaribio. Wizara ya Kilimo inatoa miongozo. Sisi maafisa ugani wa kata na vijiji tumeajiriwa chini ya halmashauri, kwa hiyo tunapokea miongozo ya kitaalamu upande mmoja na maelekezo ya kazi upande mwingine. Katikati hapo ipo miradi ya wafadhili, vyama vya ushirika, kampuni za mbegu na viuatilifu, wenye maduka ya pembejeo na wanunuzi wa mazao.

Kila mmoja ana mpango wake. Mradi una miaka yake na shabaha zake. Kampuni ina mauzo yake. Serikali ina bajeti na mazao ya kipaumbele. Mwenye fedha ndiye anayepanga mafunzo yawe ya nini, yafanyike kata zipi na yaishe lini. Si lazima awe na nia mbaya. Ila mpango wake haukuandikwa kwa kuangalia shamba lako la ekari mbili.

Tuangalie mifano ya kweli, mingine unaikumbuka.

Mbaazi ya mwaka 2017

Mbaazi ni zao zuri. Inavumilia ukame, inarutubisha udongo, unaichanganya na mahindi, na miti yake unapata kuni. Watafiti wetu walitoa mbegu bora kama Mali na Komboa. Ushauri wa kuilima ulikuwa sahihi kabisa kitaalamu. Lindi, Mtwara, Manyara na kwingineko watu waliipanda kwa wingi.

Tatizo lilikuwa sokoni. Watanzania wengi hatuli mbaazi kwa wingi, kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa inakwenda India. India nayo ilikumbwa na mvua haba mwaka 2014 na 2015, mazao ya jamii ya kunde yakapungua kwao na bei ikapanda. Huku kwetu tuliona bei tu. Kilo ilifika zaidi ya shilingi 2,000, na kila mtu akasema mbaazi ndiyo dhahabu.

Bei ile ile iliyokuvutia wewe ilimvutia pia mkulima wa India. Mvua ziliporudi, wakapanda sana na kuvuna mavuno makubwa kuliko miaka yote iliyotangulia. Serikali yao, ili kuwalinda wakulima wake, Agosti 2017 ikaweka kikomo: mbaazi kutoka nje isizidi tani 200,000 kwa mwaka. Agosti kwetu ndiyo watu walikuwa wanapura. Katika maeneo mengine mkulima akaambiwa shilingi 150 au 200 kwa kilo. Wapo walioacha mbaazi shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei. Wafanyabiashara wadogo waliokopa kununua mapema walibaki na magunia.

Wakati huo huo Msumbiji, jirani zetu, walikuwa wamesaini makubaliano ya serikali kwa serikali na India mwaka 2016, kwa hiyo walibaki na mgao wao wa kuuza. Zao ni lile lile na mnunuzi ni yule yule. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na ahadi ya maandishi kutoka kwa mnunuzi kabla mambo hayajabadilika.

Mwaka 2021 India ilifungua tena milango, na bei ikaanza kutia moyo. Lakini mkulima aliyeng'oa mbaazi zote 2018 hakufaidika, na aliyebaki na eneo la kiasi akafaidika.

Somo langu hapa si kwamba usilime mbaazi. Somo ni kwamba ushauri ulikuwa na nusu ya maarifa. Ulikuambia mbegu, nafasi na wadudu. Haukukuambia kwamba zao lote linategemea mnunuzi mmoja, ambaye naye ni mkulima wa zao hilo hilo.

Alizeti ilituonyesha jambo linalofanana. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipunguza mafuta ya alizeti duniani, na Indonesia nayo ikazuia kwa wiki kadhaa kuuza nje mafuta yake ya mawese. Chupa ya mafuta ya kula ikapanda bei hata kwenye duka la kijijini kwako, na wito wa kulima alizeti ukashika kasi. Bei za dunia ziliposhuka, bei ya gunia la alizeti nayo ikashuka, huku mkulima ameshapanda.

Mbinu zinazokuja na kuondoka

Hata namna sisi mabwana shamba tunavyofanya kazi imekuwa ikibadilishwa na watu wa nje. Mzee wa umri wa miaka sitini atakumbuka.

Kuanzia mwaka 1989, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Tanzania ilifuata mbinu ya mafunzo na matembezi. Mbinu hiyo ilienezwa na mtaalamu kutoka Israel, Daniel Benor, baada ya kujaribiwa Uturuki na India. Afisa ugani alifundishwa ujumbe maalumu, kisha akawatembelea wakulima viongozi kwa ratiba isiyobadilika, na wao wakategemewa kuwafundisha wenzao. Ilihitaji mafuta, usafiri na posho kila mwezi. Fedha za mradi zilipokwisha, ratiba nayo ikafa.

Kuanzia mwaka 2006, katika programu ya maendeleo ya sekta ya kilimo iliyochangiwa na wafadhili kadhaa, tukahamia zaidi kwenye shamba darasa. Mbinu hii ilianzia Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, kwa msaada wa FAO, ambapo wakulima walijifunza kuchunguza wadudu wenyewe badala ya kupulizia dawa kwa mazoea. Ni mbinu nzuri, mimi mwenyewe naipenda. Lakini jiulize: yale mashamba darasa yaliyokuwa yamewekewa mabango kijijini kwenu, mangapi bado yanaendelea? Penye mengi, yaliishia pale mbegu na mbolea za bure zilipoishia.

Mwaka 2022 serikali ilitugawia maafisa ugani pikipiki 7,000 nchi nzima, pamoja na vishikwambi na vifaa vya kupima afya ya udongo. Hatua hiyo imesaidia kwa sababu afisa sasa anaweza kufika. Swali linalobaki ni la kila siku: anafika na ajenda ya nani?

Na Januari 2025 tuliona jinsi jambo lililoamuliwa mbali linavyoweza kugusa kijiji ndani ya siku chache. Rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nchi yake kwa nchi za nje, na miradi mingi ya kilimo barani Afrika iliyokuwa ikilipiwa na fedha hizo ikasimama katikati. Hakuna mkulima aliyekosea kitu. Msimu haukusubiri.

Milimani tumeshapata funzo

Historia yetu ina mfano ambao kila afisa ugani angepaswa kuujua. Miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru wa milima ya Uluguru, Morogoro, kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilikuwa zuri na ramani zilikuwa nzuri. Lakini udongo wa juu kule ni mwembamba. Kuchimba ngazi kulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo usiozaa, na kazi ilikuwa ngumu mno. Mwaka 1955 zikatokea ghasia, na mpango ukaachwa.

Sasa nenda Mbinga, mkoani Ruvuma. Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali kwa mashimo ya ngoro, ambapo nyasi zinalazwa kwa mistari inayokatizana, udongo unafukiwa juu yake, na katikati linabaki shimo la kukusanya maji. Mbinu hiyo ina zaidi ya miaka 100 na bado inatumika. Hakuna mradi unaolipa posho ili watu wachimbe ngoro. Imeishi kwa sababu inatatua tatizo la mkulima mwenyewe, kwa jembe lake, kwenye mlima wake.

Sisemi kwamba kila cha wazee ni sahihi. Kuchoma mabaki ya mazao ni mazoea ya zamani na bado nayapinga. Nasema ushauri unaodumu ni ule ambao mwenyeji amepata nafasi ya kuupima.

Msukumo wa nje unapoleta heri

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo ni cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wafanyabiashara waliokuwa na malori mpakani wanakumbuka hasara ile.

Lakini sumukuvu haikuanzia Kenya wala haikuwa hila ya soko. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sisi maafisa tulikuwa tunasema "kausheni vizuri" na wengi hawakusikia. Mpaka ulipofungwa, wanunuzi wakaanza kuuliza unyevu, na ghafla turubai likawa na maana. Hapo msukumo kutoka nje ulisaidia maarifa yaliyokuwepo yatumike, na faida ya kwanza ni ya watoto wako, kabla ya mnunuzi.

Kwa hiyo usisahau. Usimwage mahindi kwenye udongo mtupu, tumia turubai. Kausha hadi unyevu wa asilimia 13. Kama huna mashine ya kupima, chukua chupa kavu, weka mahindi hadi theluthi moja, tia chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isipogandia, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Ongeza jua kabla ya kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Dukani nako kuna ushauri

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia kwetu kutoka mabara ya Amerika kupitia Afrika Magharibi. Kabla watafiti hawajamaliza kazi yao, maduka yalishajaa chupa. Kwa wakulima wengi, mwenye duka la pembejeo ndiye mshauri wa kwanza, kwa kuwa yuko karibu na yuko wazi hadi saa mbili usiku. Lakini yeye anaishi kwa kuuza chupa.

Ndugu mwenye duka, sikushambulii. Wewe ni sehemu ya ugani, tena muhimu, na mteja aliyepona atarudi. Mwambie ukweli kwamba kiwavi kikubwa kilichojificha ndani ya moyo wa mhindi dawa haimfikii vizuri. Kinachomwokoa mkulima ni kukagua shamba mara mbili kwa wiki baada ya kuota, kuangalia majani yenye vidirisha na vumbi kama la mbao, na kuchukua hatua viwavi vikiwa vidogo, asubuhi mapema au jioni. Ushauri huo haugharimu kitu, na ndiyo maana hauna mtu wa kuutangaza.

Maswali matano ya kuuliza

Mtu yeyote akija na ushauri, mimi nikiwemo, muulize haya kwa heshima:

1. Nani analipia kazi hii, na yeye anapata nini? Jibu halitakufanya ukatae. Litakusaidia kujua ni sehemu gani ya maelezo hajaisema.

2. Mnunuzi ni nani, na wako wangapi? Kama zao linakwenda nchi moja au kwa kampuni moja tu, panda kiasi ambacho ukikosa bei bado utakula.

3. Ikishindikana, hasara ni ya nani? Kama mleta ushauri yuko tayari kubeba sehemu, kwa mkataba wa ununuzi au kwa kugharamia majaribio, hiyo ni dalili njema. Kama hasara yote ni yako, anza kidogo.

4. Mradi ukiondoka kesho, tutaendelea kwa nguvu zetu? Uliza mbegu itapatikana wapi, kifaa kitatengenezwa na nani, na bei yake halisi bila ruzuku ni kiasi gani.

5. Mmejaribu wapi? Udongo wa Mbozi si udongo wa Kongwa. Mvua za vuli na masika si sawa na mvua za msimu mmoja.

Kijiji kinaweza kufanya nini

Kwanza, kuwe na orodha ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi tunajadili michango na migogoro ya mipaka. Tumieni saa moja kukubaliana matatizo matatu makubwa ya kilimo na ufugaji ya kijiji chenu, kwa mpangilio. Mtendaji ayaandike kwenye muhtasari. Mradi wowote ukija, uonyeshwe karatasi hiyo kwanza: "Sisi shida zetu ni hizi, wewe unasaidia ipi?" Nimeona wazi kwamba kijiji chenye maandishi kinasikilizwa tofauti na kijiji kinachosema "tunashukuru kwa chochote".

Pili, tengeni kipande cha majaribio. Robo ekari ya kikundi inatosha. Mbegu mpya upande mmoja, ya zamani upande wa pili, palizi na tarehe zile zile. Mavuno yakipimwa kwa debe moja, hakuna atakayewadanganya.

Tatu, wekeni daftari. Tarehe za mvua, mbegu, gharama, mavuno, bei ya kila mwezi. Miaka mitano ya daftari la namna hiyo ni hazina kuliko semina nyingi. Afisa mpya akihamishiwa kwenu, mpeni asome kabla hajaanza kuwafundisha.

Nne, wafanyabiashara wapewe nafasi. Ninyi mnaopiga simu Kibaigwa, Dar es Salaam na mpakani ndio mnaosikia mabadiliko ya soko mapema kuliko mimi. Kikundi kichague mkulima mmoja na mfanyabiashara mmoja watoe taarifa ya soko kila mwezi. Najua mtasema habari ya bei ni biashara. Lakini mkulima akifilisika msimu huu, mwakani utanunua nini?

Tano, taarifa zenu zibaki kwenu. Kwa wakulima wa kahawa wa Kagera, Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, hili limeshafika. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye eneo lililokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na ijulikane imetoka shamba gani. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mbele, lakini upimaji wa mashamba unaendelea. Mtu akija kupima shamba lako kwa simu au kishikwambi, mwambie akupe nakala, na chama cha msingi kibaki na nakala. Ukibadilisha mnunuzi, usilazimike kuanza upya kwa sababu vipimo vya shamba lako viko mikononi mwa mtu mmoja.

Wanaopinga

Wapo watakaosema: "Afisa, mkulima maskini hana nafasi ya kuchagua. Nikiletewa mbegu ya bure nikatae?" Hapana, usikatae. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mradi ukikaa, upewe jembe: ufanye kazi iliyo kwenye orodha ya kijiji. Maskini ndiye hasa anayehitaji kuuliza, kwa sababu hana akiba ya kufidia kosa la mwingine.

Wapo pia wenzangu wa ugani watakaosema maswali haya yatatuchelewesha kufikia shabaha tulizopewa. Nawaelewa, mimi pia naandika taarifa kila mwezi. Lakini taarifa zetu nyingi zinahesabu wakulima waliofundishwa. Hazihesabu wanaoendelea na jambo hilo miaka mitatu baada ya mafunzo. Mkulima anayeuliza maswali anatusaidia kumweleza aliye juu yetu kwamba ujumbe huu hapa haufai, au unafaa kwa kurekebishwa. Bila yeye, sisi tunabaki kuwa wapelekaji wa barua.

Mipango ya nje haitaisha. Mwakani kutakuwa na zao jingine linalotangazwa, mdudu mwingine, sharti jingine la soko. Hatuwezi kuyazuia, lakini tunaweza kuyapokea tukiwa na mpango wetu mkononi.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni ndogo. Mwone mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, muulize mkutano mkuu ujao ni lini, na uombe ajenda ya matatizo matatu ya kilimo iwekwe mapema. Mwite na afisa ugani wenu aje asikilize. Akija, mpe yale maswali matano.

Kazi njema shambani na sokoni.